Karakana ya useremala nyumbani: anza na meza na waya, mashine zitakuja tu

Wengi tukipata kahela ka kwanza tunakimbilia Kariakoo kununua mashine, afu mashine inakaa kwenye boksi miezi mitatu kwa sababu hakuna pa kuiweka wala umeme wa kuiendesha. Geuza mpango. Kama una uwazi wa futi 10 kwa 12 pembeni ya nyumba unatosha kabisa kuanza, mi nilianzia kwenye kibanda cha bati nyuma ya jiko hapa Dar, mchana kinawaka kama tanuri, na makochi yakatoka humo humo.

Kwanza chukua chaki uchore sakafuni. Plaiwudi ni futi 8 kwa 4, ichore hivyo hivyo kwa saizi yake halafu jifanye unaizungusha, utaona haraka meza inatakiwa kukaa wapi. Chora na mlango pia, uwe mpana, kabati likiisha lazima litoke (usicheke, kuna mtu amewahi kung'oa fremu ya mlango).

Umeme ndo watu wanaubania hela na ndo unaokuja kuwagharimu. Mwambie fundi umeme akutolee laini ya peke yake toka kwenye meni swichi, waya wa 4mm, na breka yake, na asisahau ethi. Soketi ya kawaida ya 13A kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000 hivi, sasa wewe unaona mashine yako ni wati 1,500 unasema mbona iko chini, kumbe mota wakati inaanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo. Mimi nilikuwa naunga ekstensheni nyembamba, nusu yake bado imeviringwa kwenye rola lake, siku moja nasikia harufu ya plastiki nikadhani jirani anachoma taka, kwenda kuangalia rola limeyeyuka waya zimegandana kama chapati. Ukitumia ekstensheni ikunjue yote. Soketi ziweke usawa wa kifua, zikiwa chini utaziegemezea mbao na vumbi litajaa. Na waya upite kwenye paipu kubwa kuliko inavyohitajika leo, ukija kuongeza laini nyingine unavuta tu bila kubomoa ukuta.

Halafu meza. Usinunue, itengeneze, ndo kazi yako ya kwanza. Miguu unganisha mbao za 2x4 (inchi 2 kwa inchi 4) mbili mbili kwa gundi na skrubu, juu panga 2x6 za paini, urefu futi 6, upana futi 2. Kimo simama wima uache mikono ining'inie, meza ifike kwenye kifundo cha mkono, hapo utapiga randa siku nzima mgongo usilalamike. Ukimaliza isukume kwa nguvu, ikitikisika ongeza mikingamo ya chini au ifunge ukutani. Funga na jiliwa (kifaa cha kubania mbao) upande mmoja.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: futi kamba, skwea (ya kupimia kona), msumeno wa mkono, randa, patasi mbili tatu, nyundo, drili, klampu nne za kubania mbao zikiwa na gundi (hazitoshi hata siku moja, kila mwezi ongeza moja) na jiwe la kunolea. Jiwe usiliache! Patasi butu ndo inayokata vidole maana unailazimisha. Hewa ya Dar ina chumvi, chuma kinashika kutu ndani ya wiki, kwahiyo kila jioni pitisha kitambaa chenye oili ya cherehani.

Mbao sasa. Paini za Mufindi ni rahisi kupata ila nyingi zinauzwa mbichi, ukitengeneza nazo mlango wa kabati leo, mwezi ujao umepinda kama upinde, najua kwa sababu niliurudisha wangu kwa mteja mara mbili. Zipange juu ya matofali mchwa wasifike, kila safu weka vijiti vya inchi moja katikati, ziwe kivulini penye upepo. Kujua zimekauka kata kipande kidogo ukipime kwenye mzani wa jikoni kila wiki, uzito ukiacha kupungua fanya kazi. Mninga na mkongo subiri mkono ukae sawa, mbao za gharama zile. Na mvule ukiukata vaa barakoa nzuri, vumbi lake linawasha pua vibaya.

Mashine nunua ile ambayo kazi iliyopo mezani inaidai. Kila mashine ijengee kigari chenye magurudumu ya breki, katikati ya chumba pabaki patupu. Mashine ya kupasulia ndo inakula nafasi, sio yenyewe, mbao yake: ubao wa futi 12 unataka futi 12 mbele ya msumeno na futi 12 nyuma yake, banda la futi 12 utaupasulia wapi? Iweke ielekee mlangoni, mbao iingie kutokea uani. Upande wa pili mi nimetoboa tundu ukutani usawa wa meza ya mashine, ubao unatokezea nje kwenye migomba huku kijana akiupokea, mvua ikinyesha naliziba na kipande cha plaiwudi.