Kupanga Jozi 19 za Viungo vya Kamba

Wiki iliyopita nilimsaidia mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye kila akihesabu viungo vya kamba (yule mnyama wa majini mwenye ganda) alipata jozi 16 badala ya 19, nami nikakumbuka jioni nzima niliyoipoteza kwa kosa lile lile nilipoanza kufundisha.

Hatua ya 1. Nunua kamba mkubwa, mbichi, mwenye kichwa na ganda. Aliyechemshwa hafai, kwani viungo vyake hukatikia katikati.

Hatua ya 2. Mlaze chali katika sahani nyeupe yenye maji, kisha ung'oe viungo vya upande mmoja tu, ukianzia mkiani: 1 cha mkia, 5 vya kuogelea, 5 vya kutembea. Kila kiungo kimoja hapa kihesabu kama jozi moja; upande wa pili ubaki kuwa akiba.

Hatua ya 3. Mdomoni pana viungo 6 vya kulia, kuanzia nyuma kwenda mbele: maksilipedi 3, maksila 2 na taya 1. Hapa ndipo 3 hupotea. Maksilipedi ya kwanza na maksila mbili ni nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, tena zimelaliana juu ya taya, hivyo ukivuta kwa pupa hutoka pamoja ukadhani ni kitu kimoja. Tumia kibano chenye ncha kali. Wembe sishauri kabisa, kwa sababu hukata shina, na kiungo kisicho na shina hakitambuliki. Shika shinani, anza na maksilipedi ya nyuma iliyofanana na mguu, na kila unachotoa kiweke katika tone la maji juu ya karatasi nyeusi kabla hujagusa kinachofuata. Viwili vikitoka pamoja, usivipasue. Vieleeze majini, vitaachana. Maksila ya pili utaijua kwa bapa pana kama kafi, ambalo kamba akiwa hai husukuma maji kupita kwenye matamvua. Ukifika kwenye taya gumu kabla ya kupata viungo 5, rudi ukague ulivyokwisha kutoa, na maji usiyamwage.

Hatua ya 4. Malizia na papasi 2, yaani antena za kuhisia zilizo kichwani. Macho hayahesabiwi.

Hatua ya 5. Maksilipedi ni viungo vya kifua vilivyogeuka kuwa vya kulia. Mwaka 1997 wanabiolojia Averof na Patel walionyesha kwamba katika krustasia wengi (kundi la kamba na kaa) mageuzi hayo huandamana na kunyamaza kwa Ubx, jeni inayosaidia kuamua kiungo cha aina gani kiote wapi, katika pingili za mbele za kifua. Iweke maksilipedi ya tatu kando ya mguu wa kwanza wa kutembea, kisha uhesabu vipande vya vyote viwili kuanzia shinani.