Kuosha baiskeli za majirani: kazi ya kwanza kwa kijana wa miaka 13 hadi 15

Pesa yangu ya kwanza niliipata nikiwa na miaka 13, kwa ndoo mbili, sabuni ya vyombo na mswaki uliochakaa. Sasa ni fundi baiskeli, na kila likizo huwa na vijana wawili watatu wanaojifunza kwangu. Huniuliza kuhusu kazi nyingi: kufundisha watoto wa madarasa ya chini, kufyeka majani, kuuza bangili walizosuka wenyewe. Zote ni nzuri. Mimi huwaanzisha na baiskeli kwa sababu mtaji wake ni mdogo, haihitaji simu wala akaunti ya mtandaoni, na baiskeli uliyoosha leo itachafuka tena baada ya wiki chache. Mteja mmoja akirudi mara kumi, umepata wateja kumi bila kuwatafuta.

Hatua ya 1: Ongea na mzazi au mlezi

Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaziruhusu nchi kuwaachia vijana wa miaka 13 hadi 15 kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo. Sheria ya kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo mzazi ayaulizie. Mkubaliane pia siku na saa. Fanya kazi nyumbani kwenu, nje, panapoonekana. Baiskeli ndiyo ije kwako. Usiingie ndani ya nyumba ya mteja.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Ndoo mbili (ya sabuni na ya maji safi), sponji mbili, mswaki wa zamani, brashi ndogo ngumu, matambara ya pamba, rula, pampu na chupa ndogo ya mafuta ya cheni. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa: huganda na kunasa vumbi. Mengi ya haya yako nyumbani tayari, ila mafuta utanunua.

Hatua ya 3: Jifunzie kwa baiskeli ya nyumbani

Ioshe mara tatu, siku tofauti, ukiangalia saa. Mara ya kwanza itakula saa nzima au zaidi. Usimwendee mteja kabla hujaweza kumaliza kwa dakika 45 bila kuruka kitu.

Hatua ya 4: Panga bei

Hapa ndipo vijana wengi hujiumiza. Anza na gharama: chupa ya mafuta ikitosha baiskeli 40, gawa bei yake kwa 40. Fanya hivyo kwa sabuni na matambara, ujumlishe. Hiyo ni pesa inayotoka mfukoni mwako kila baiskeli moja, nayo si faida. Juu yake weka malipo ya muda wako. Kisha ulizia fundi anatoza kiasi gani kwa kazi hiyohiyo, na ukae chini yake kidogo.

Wapo wanaotaka kuosha bure mwanzoni ili wajulikane. Sikubaliani nao. Aliyezoeshwa bure, siku ukitaja bei ataona umembadilikia. Taja bei yako mapema, kwa heshima, kabla hujagusa maji.

Hatua ya 5: Osha

Pokea baiskeli mbele ya mwenyewe. Zungukeni wote wawili, muone mikwaruzo iliyopo, spoku iliyokatika, tairi lililopasuka. Andika. Dakika hizo mbili zitakuokoa na lawama.

Anza na cheni, maana ndiyo chafu kuliko vyote. Ishike kwa tambara lenye sabuni, zungusha pedali kinyumenyume hadi tambara litoke jeusi, badilisha, rudia. Meno ya gia yasugue kwa brashi. Tambara na brashi ya cheni visiguse sehemu nyingine yoyote. Mchanga wake hukwaruza rangi. Ndipo uoshe fremu kutoka juu kwenda chini: usukani, kiti, fremu, magurudumu mwisho. Usipige maji ya kasi kwenye vitovu vya magurudumu wala penye pedali, kwani huingia kwenye beringi na kuondoa grisi.

Kausha yote, kisha pima cheni. Ikiwa imekazwa, weka sifuri ya rula katikati ya pini moja (kile kijiti kinachoshika viungo vya cheni) na uhesabu pini 24 mbele yake. Cheni mpya husoma karibu milimita 305. Ikifika 308 imekwisha na inakula meno ya gia. Mwambie mwenyewe aipeleke kwa fundi. Hulipwi kwa neno hilo, lakini sijaona kitu kinachomrudisha mteja kama hicho.

Mafuta yaje mwisho, tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani wa cheni. Zungusha, subiri dakika tano, futa yaliyobaki nje.

Nikiwa na miaka 14 nilimimina mafuta kwa haraka, yakachuruzikia ringi ya nyuma, pale breki inapobana. Mwenye baiskeli, mama mmoja jirani, alishuka nayo mteremkoni na breki haikushika. Aliangukia majani, hakuumia, lakini nilikuwa nimesimama pale nikimtazama. Tangu siku hiyo nafuta ringi au diski ya breki kwa tambara jipya, hata nikiamini ni safi. Halafu nasukuma baiskeli na kubana breki moja moja, mwenyewe akiona. Wewe fanya vivyo hivyo, kila mara.

Malizia kwa upepo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usikipite.

Hatua ya 6: Jua usichogusa

Usifungue breki, usukani wala gurudumu hadi fundi amekufundisha na kukuona ukifanya. Mteja akikubembeleza, mwambie: "Hiyo bado sijaimudu, mpelekee fundi." Hakuna aliyewahi kumdharau kijana wangu kwa jibu hilo.

Hatua ya 7: Daftari

Safu tano zinatosha: tarehe, jina, kazi, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Pesa ya vifaa itenge siku hiyohiyo kwenye kopo lake, kabla ya kununua chochote. Iliyobaki ni yako.

Pembeni ya kila jina andika tarehe ya wiki nne zijazo. Ikifika, mpitie mteja jioni, msalimie, umuulize cheni inaendeleaje na kama akuletee baiskeli mwisho wa wiki.