Unaenda Chillon? Shukia Montreux utembee

Kama uko Geneva au Lausanne, kule Uswisi, na una siku moja ya kuzurura, nenda Chillon, ile ngome ya kale iliyokaa juu ya mwamba palepale kwenye Ziwa Geneva. Treni toka Geneva mpaka Montreux ni kama saa moja. Wengi wakishuka wanadandia basi namba 201 linalowashusha karibu na mlango, sawa kama una mzee au watoto wadogo, ila kama miguu ipo tembea jamani, njia inafuata ziwa mwanzo mwisho, tambarare, dakika 45 hivi, na kabla hujaanza kamsalimie Freddie Mercury pale sokoni, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Unguja wa 1946, sanamu yake imesimama ngumi juu inatazama maji. Mi nilisimama pale nikajisikia niko nyumbani kabisa.

Ukiwa na Swiss Travel Pass, ile tiketi ya watalii ya kuzunguka Uswisi, hulipi kiingilio cha ngome. Ukilala hoteli za Montreux uliza kadi ya wageni, basi linakuwa bure.

Ndani anzia chini, usikimbilie juu. Kule ndo alikofungwa Bonivard, mtu aliyeitetea Geneva dhidi ya watawala wa Savoy, wenye ngome enzi hizo, wakamkamata 1530 wakaja kumfunga mnyororo kwenye nguzo mpaka 1536 watu wa mji wa Bern walipoiteka ngome wakamtoa. Byron, mshairi Mwingereza, alipita 1816 akamtungia Bonivard shairi, na jina la Byron limechongwa kwenye nguzo mojawapo, litafute. Kaa kimya kidogo hapo, utaelewa miaka ile ilivyokuwa mirefu.

Halafu panda juu, na hapa naomba ufanye kitu kimoja, linganisha pande mbili. Upande wa barabara ni kuta nene na matundu ya kupigia mishale, upande wa ziwa madirisha makubwa mazuri kama ya ikulu, kwa sababu adui na msafiri wote walipita nchi kavu, njia ya kwenda Italia imebanwa hapo kati ya mlima na maji, na Savoy walikaa wanakula ushuru. Vyoo vyao navyo vitazame, tundu linashuka moja kwa moja ziwani!

Vaa viatu vya kukamata, mawe hayako sawa na ngazi ni nyingi, na beba sweta hata kama nje kuna jua. Kurudi panda boti, toka majini ndo utaiona ngome nzima. Ila ratiba icheki kabla hujaingia, majira ya baridi boti zinapungua sana.