Kuweka bafle za kusimama sebuleni: kazi ya Jumapili moja Lubumbashi

Mwaka mzima bafle zangu zilikaa kwenye pembe mbili za sebule, moja imebanwa na kabati la vyombo, nyingine imefunikwa nusu na pazia. Besi ilijaa nyumba nzima na wageni walisifu. Lakini maneno ya mwimbaji nilikuwa siyashiki, na magitaa mawili yakipiga pamoja yalisikika kama moja. Jumapili moja nikaondoa kabati, nikavuta bafle mita moja mbele, nikatoa kiti changu ukutani. Sikununua kitu siku ile, hata waya. Jioni, diski ambazo nimekuwa nazo miaka kumi zilisikika kama zimeimbwa asubuhi ile. Ndiyo maana naandika: ukilipa pesa nyingi kwa bafle kubwa kisha ukazisukuma ukutani, bado hujazisikia.

Tuelewane kwanza maneno. Kwetu Lubumbashi bafle ni sanduku zima, na ndani yake mna spika: ya besi, ya kati na twita, ile ndogo ya sauti za juu. Bafle za kusimama ni zile ndefu zisizohitaji meza, kimo cha mita moja hivi, na nyingi ni nzito. Tafuta tepu ya kupimia, tepu ya karatasi, uzi wa mwashi, pimamaji, kioo cha mkononi, multimeta ya kupimia umeme, na mtu wa kusaidiana naye kubeba.

Hatua ya 1: Umeme kabla ya muziki

Bafle hazichomekwi ukutani, lakini amplifaya inachomekwa, na amplifaya ikifa vibaya huondoka na spika. Umeme wetu unatakiwa kuwa wa volti 220. Pima mwenyewe asubuhi, saa moja jioni wakati kila jiko limewashwa, na usiku wa manane, halafu andika. Kwangu jioni hushuka chini ya 180 na usiku hupita 240. Kwa hiyo amplifaya yangu hupitia kwenye stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Umeme ukikatika, chomoa plagi papo hapo. Ukirudi, ngoja dakika kumi utulie, maana pigo la kwanza la umeme unaporudi ndilo lililoniulia amplifaya yangu ya kwanza. Radi ikianza kunguruma, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa antena.

Wanaotumia inveta na betri wachague ile inayotoa wimbi laini. Zile za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi-ngazi, transfoma ya amplifaya inavuma, na mvumo huo unakufuata hadi kwenye wimbo.

Mlio wa "mmm" usiokoma mara nyingi unatokana na waya wa ardhi. Fimbo ya shaba iliyopigiliwa uani hushika vizuri wakati wa mvua, lakini kuanzia Mei hadi Septemba udongo wetu mwekundu ukikauka, inashika kwa shida. Mimi huimwagia ndoo ya maji kila wiki. Pini ya ardhi kwenye plagi usiikate kamwe ili kunyamazisha mlio. Ile inalinda uhai wa watu wa nyumbani.

Na wati zisikutie haraka. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti unayoisikia lakini si kubwa. Bafle yenye desibeli 90 kwa wati moja inapiga sawa na yenye 87 iliyopewa wati mara mbili. Twita nyingi huungua kwa sababu amplifaya ndogo imekamuliwa hadi sauti inakwaruza. Ukisikia mkwaruzo, punguza.

Hatua ya 2: Waya, katika mji wa shaba

Katanga ni nchi ya shaba. Zamani sana kabla ya migodi mikubwa, watu wa hapa waliyeyusha shaba wakaitengeneza misalaba iliyotumika kama fedha. Inaniuma leo kuona sokoni kwetu waya unaouzwa kama shaba kumbe ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa nje. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, ile nyingine inaonyesha weupe. Upime pia mkononi, kwa sababu aluminiamu ni nyepesi mara tatu na zaidi. Ya bandia hukatika upesi ukiikunja, na mahali pa kufungia hushika kutu nyeupe.

Ukipata shaba halisi, milimita za mraba 2.5 zinatosha. Kwa umbali wa mita 4, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni takriban omu 0.055, mdogo sana mbele ya bafle ya omu 8. Waya wa fundi umeme wa nyumba unafaa kabisa. Pesa za waya wa kifahari ziweke kwenye stabilaiza.

Hatua ya 3: Pima chumba

Hapa usiwe na haraka. Nyumba nyingi za lupango (kiwanja chenye uzio) hapa zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyofinyangwa kwa udongo wa kichuguu. Ni ukuta mzito, mgumu. Besi ikiufikia haipiti. Inarudi, inakutana na nyingine inayokuja, na baadhi ya noti zinavimba huku nyingine zikizama.

Noti zitakazokusumbua unaweza kuzijua kabla hujawasha kitu. Sauti husafiri karibu mita 344 kwa sekunde katika joto la sebule. Zidisha urefu wa chumba mara mbili, kisha gawanya 344 kwa jibu hilo. Chumba changu kina urefu wa mita 5.2, upana 3.8, kimo 2.8. Kwa urefu napata Hz 33 (mitetemo 33 kwa sekunde), kwa upana Hz 45, kwa kimo Hz 61. Kila namba ina watoto wake: mara mbili, mara tatu. Mara mbili ya 33 ni 66, na hapo ndipo ilipo noti ya Do ya gitaa la besi. Sasa nikaelewa kwa nini mpiga besi wa rumba akigusa Do, vikombe vilikuwa vinacheka kabatini.

Hatua ya 4: Kiti kwanza, bafle baadaye

Watu wengi hupanga bafle kisha wakakaa popote. Mimi naanza na kiti. Ukiegemea ukuta wa nyuma, noti zote zilizovimba zinakupiga kwa pamoja, kwa sababu ukutani ndiko zinakokusanyika. Ukikaa katikati kabisa ya urefu wa chumba, ile ya kwanza, kwangu Hz 33, inapotea. Anza kwa asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa nyuma. Kwangu ni mita 1.98. Kisha sogea sentimita kumi mbele, kumi nyuma, ukisikiliza wimbo mmoja ambao besi yake inapanda na kushuka ngazi nzima. Unatafuta mahali ambapo hakuna noti inayopiga kelele kuliko wenzake. Weka tepu ya karatasi chini.

Makochi yetu ya sebuleni yana mgongo mrefu unaofunika masikio kwa nyuma, na mgongo huo hurudisha sauti sikioni. Chukua kiti cha mgongo mfupi. Angalia pia kimo: sikio lako liwe sambamba na twita.

Hatua ya 5: Zivute bafle

Zipange kwenye ukuta mfupi, zitazame urefu wa chumba. Uso wa bafle zangu uko mita 1.1 kutoka ukuta wa nyuma yake, na kutoka katikati ya uso huo hadi ukuta wa pembeni ni mita 0.8. Kutoka twita hadi twita ni mita 2.2, na kutoka kila bafle hadi kichwani kwangu ni karibu mita 2.4. Ni pembetatu ya pande zinazokaribia kulingana.

Umbali wa nyuma na wa pembeni usifanane. Sauti inayorudi kutoka ukutani hufuta noti fulani, na ukizidisha umbali huo mara nne, kisha ukagawanya 344 kwa jibu hilo, unaijua: mita 1.1 inafuta karibu na Hz 78, mita 0.8 karibu na Hz 107. Umbali ukilingana, mashimo mawili yanakuwa shimo moja kubwa, na mpiga besi anapotea wimbo ukiwa katikati.

Mama wa nyumba atauliza kwa nini vitu vimeingia katikati ya sebule. Kwangu tulikubaliana: siku za wageni zinarudi ukutani, na alama za tepu zinabaki sakafuni.

Hatua ya 6: Gitaa moja katikati

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Mwenda Jean Bosco akiwa na gitaa lake Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Mtu mmoja, gitaa moja, sauti moja, mono. Kwa kazi hii sijui rekodi bora. Mono maana yake bafle zote mbili zinapewa kitu kilekile, hivyo gitaa halina budi kusimama katikati kabisa, dogo, mahali ambapo hakuna bafle. Epuka nakala zilizoongezwa mwangwi.

Keti, fumba macho, nyoosha kidole kuelekea gitaa. Kidole kikienda kushoto, bafle ya kushoto iko karibu zaidi. Chukua uzi wa mwashi, shika ncha moja mahali pa kichwa chako, mwenzako aifikishe nyingine kwenye twita ya kushoto, kisha kulia. Urefu ulingane kwa sentimita moja. Gitaa likisambaa chumba kizima na besi imekonda, nyaya za upande mmoja zimegeuzwa: nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Zima amplifaya kabla ya kugusa.

Nilipofikia hapo, binti yangu aliingia kutoka uani akaenda moja kwa moja kuchungulia nyuma ya pazia, katikati ya bafle. "Papa, nani anapiga?" Hapo niliacha kusogeza.

Hatua ya 7: Kuzigeuza, na kioo

Anza bafle zote zikikutazama usoni. Kama sauti ya mwanamke inachoma, zigeuze kidogo nje, digrii chache kwa wakati, zote kwa kipimo kimoja. Kisha mwenzako apitishe kioo kwenye ukuta wa pembeni ukiwa umeketi. Unapoiona twita kiooni, sauti inadunda hapo kukujia kwa kuchelewa. Weka rafu ya vitabu au pazia zito. Kikwembe (kitenge) kilichotundikwa kinapendeza lakini kinameza sauti za juu tu. Zulia hivyohivyo. Wimbi la Hz 60 lina urefu wa mita tano na nusu na zaidi, kitambaa hakilizuii. Kwa besi iliyobaki, magodoro mawili ya sponji yaliyosimamishwa kwenye pembe za nyuma yamenisaidia kidogo. Kusogeza kiti kulinisaidia zaidi.

Hatua ya 8: Misumari ya miguu

Hizi ni ncha za chuma zinazofungwa chini ya bafle. Usizifunge kabla ya mahali kukubalika. Gonga kigae kwa kidole: kikilia utupu, bafle itatikisika, sogeza sentimita chache. Chini ya kila ncha weka kipande cha chuma ili kigae kisipasuke. Sisi hatuna sarafu mifukoni, franka zetu ni noti za karatasi, lakini wanaopita mpaka wa Kasumbalesa hurudi na sarafu za ngwee za Zambia, na nane kati ya hizo zinatosha bafle mbili. Weka pimamaji juu ya kila bafle, kaza. Penye watoto wanaopanda vitu, acha misumari, tumia miguu mipana ya mpira. Kilo 30 zikianguka juu ya mtoto ni msiba.

Hatua ya 9: Windo la vinavyotetemeka

Weka programu ya simu inayotoa mlio mmoja, anza Hz 30, panda polepole hadi 200, sauti ya wastani. Mwenzako azunguke akishika vitu. Kwangu kulikuwa na kioo cha dirisha, nondo mbili, mbao nyembamba za dari na msumari wa bati uliolegea. Vipande vya tyubu ya baiskeli viliponya vyote isipokuwa msumari, huo uliitaka nyundo. Mvua ikipiga bati, funga muziki. Hakuna bafle inayoshindana nayo.

Hatua ya 10: Kuzitunza

Kiangazi vumbi jekundu huingia kila siku. Tumia brashi laini ya vipodozi kwenye koni. Twita usiiguse kabisa. Tundu la besi hupendwa na mende na mchwa: bafle zikiwa hazipigi, lifunike kwa soksi ya nailoni, uitoe kabla ya kupiga. Kama unanunua zilizotumika, bonyeza ukingo wa spika kwa upole. Ukingo wa sponji huoza na kumeguka, wa mpira hukaa miaka mingi. Multimeta kwenye bafle ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Isiposoma kitu, kuna kilichoungua au waya uliokatika ndani.

Mwisho, kwa rangi ya kucha, tia nukta sakafuni kwenye kila msumari, na uandike vipimo vyako vitano ndani ya mlango wa kabati: nyuma, pembeni, kati, kiti, urefu wa uzi. Siku watakapopiga deki wakazisogeza, utazirudisha kwa dakika tano.