Namna ya Kuitambua na Kuitunza Mercury Mark 20H ya Mashindano

Injini ya kupachika nyuma ya boti ya Mercury Mark 20H, iliyoundwa Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1950, hutambulika kwanza kwa sehemu yake ya chini: ile ya mashindano, iliyoitwa Quicksilver, ni fupi na nyembamba, haina gia ya kurudi nyuma wala pampu ya maji, kwa kuwa maji ya kupoza huingizwa na mwendo wenyewe. Herufi H kwenye bamba haitoshi, maana vipuri vingi vimebadilishwa tangu wakati huo. Chunguza pia umbo la chuma.

Kabla ya kuvuta kamba, toa plagi zote mbili, tia oili kidogo ndani ya silinda, kisha zungusha gurudumu la juu ya injini polepole kwa mkono. Likikwama, usilazimishe: huenda ni mafuta ya nyonyo, yaliyochanganywa na methanoli (alkoholi iliyotumika kama fueli) enzi za mashindano, ambayo yameganda kama gundi ya kahawia kwenye ringi za pistoni, nayo hulainishwa kwa spiriti na subira ya siku kadhaa. Usiingurumishe nje ya maji. Rangi ya asili, hata iliyochubuka, nakusihi usiikwangue.