Namna ya Kumsaidia Mbwa au Paka Abaki na Uzito Unaomfaa

Katika nyumba nyingi za Kampala, Entebbe na Jinja, mbwa mmoja hulishwa na watu kadhaa bila yeyote kujua mwenzake ametoa nini. Mlinzi humgawia chakula chake cha usiku, dada wa kazi humpa ukoko wa posho (ugali), watoto humtupia chapati wakitoka shule, na mwenye nyumba anaporudi jioni humkuta akitikisa mkia mbele ya bakuli tupu, akaamini kwamba hajala. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mnyama asiyetoka nje ya ua kibaba hicho hugeuka mafuta. Kwa hiyo jambo la kwanza ni makubaliano ya watu wa nyumbani: nani atalisha, saa ngapi, na kwa mkebe upi. Ninalitanguliza kwa sababu hakuna hesabu ya chakula itakayofaa kitu ikiwa bakuli lina mikono minne.

Pili, mchunguze mnyama kwa vidole, kwani mizani pekee haitoshi. Mbwa wa kienyeji na German Shepherd hawalingani umbo. Pitisha viganja kwenye mbavu zake bila kukandamiza. Zikihisika kama mifupa ya mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yuko sawa. Zikijitokeza kama vifundo vya ngumi, amekonda. Na ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kinapaswa kuonekana nyuma ya mbavu, na ukimtazama kwa upande, tumbo lipande kidogo kuelekea miguu ya nyuma. Paka wengi huwa na ngozi inayoning'inia chini ya tumbo hata wakiwa wembamba, hivyo kwao ziamini mbavu zaidi. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, ambamo 4 au 5 ndiyo hali njema kwa mbwa, na 5 kwa paka.

Tumbo kubwa si lazima liwe unene. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo lililovimba huku uti wa mgongo ukionekana, mara nyingi ana minyoo, na mbwa mkubwa anayekonda ilhali anakula vizuri anaweza kuwa na minyoo au ugonjwa unaoletwa na kupe. Wanyama hao wanahitaji daktari kabla ya kuongezewa chakula.

Ili kupata uzito wenyewe, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umembeba mnyama, kisha upande peke yako, utoe tofauti. Sasa chukua simu yako na ufanye hesabu moja ambayo ningependa kila mfugaji aijue. Chukua kilo anazopaswa kuwa nazo, uzizidishe zenyewe kwa zenyewe mara tatu, ubonyeze alama ya kipeuo cha pili (√) mara mbili, kisha uzidishe kwa 70. Kwa mbwa wa kilo 20 utapata 20 × 20 × 20, yaani 8,000. Baada ya vipeuo viwili inabaki 9.46 hivi, na mara 70 ni takriban kilokalori 662. Hizo ndizo nguvu anazotumia kwa siku akiwa ametulia tu. Mbwa mzima aliyehasiwa na mwenye mwendo wa kawaida huhitaji kama mara 1.6 ya kiasi hicho, lakini anayepaswa kupungua huanzishiwa kwenye kiasi hicho chenyewe. Kwa paka wa kilo 4 jibu ni kama 198, na anayepunguzwa hupewa takriban asilimia 80 yake.

Kwa tarakimu hizo unaona mambo ambayo jicho haliyaoni. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi, zaidi ya nusu ya mahitaji ya paka huyo anapopumzika. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama 360, kwa hiyo pima unga kabla ya kusonga, maana posho iliyoiva hubeba maji mengi na ukubwa wake hudanganya. Vyakula vya kumfurahisha visizidi sehemu ya kumi ya kalori za siku.

Posho na mukene (dagaa wakavu) ndicho chakula cha mbwa wengi nchini, na sioni sababu ya kukidharau, mradi mukene iwe na sehemu ya kutosha badala ya kunyunyizwa ili posho inukie. Ioshe kwanza, kwa kuwa mara nyingi huanikwa mchangani. Unga ulioota ukungu usimpe kamwe, kwani sumukuvu huharibu ini lake, wala usimpe mchuzi wenye vitunguu. Paka hawezi kuishi kwa posho iliyochovywa kwenye mchuzi. Mwili wake unategemea nyama na samaki, na hasa taurini, kirutubisho ambacho nafaka hazina.

Mazoezi husaidia, ingawa hayafuti kosa la bakuli. Mbwa anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku ili alinde, sehemu kubwa ya usiku huo hulala. Mtembeze alfajiri kabla jua halijapanda, ukiongeza muda polepole ikiwa ni mzito. Paka mchezeshe kwa kamba dakika chache mara kadhaa kwa siku.

Najua kwamba kwetu unene bado husomwa kama dalili ya kutunzwa, na mgeni husifu mbwa aliyejaa. Hata hivyo, utafiti wa muda mrefu uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulifuatilia mbwa 48 aina ya Labrador. Waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao waliishi umri wa kati wa miaka 13.0, na wenzao 11.2. Magonjwa ya maungio pia yaliwachelewa. Karibu miaka miwili ya ziada ya kuwa na mbwa wako, kwa chakula kidogo zaidi, ni zawadi kubwa.

Usiwe na haraka. Mbwa apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 300 hadi 600 kwa mwenye kilo 30, na paka asilimia 0.5 hadi 1. Paka mnene asishindishwe njaa kabisa: akikaa siku mbili bila kula, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini na kumuua, hivyo mpeleke kwa daktari mara moja. Iwapo mnyama hapungui licha ya kipimo kufuatwa kwa uaminifu, mwone daktari pia, maana tezi zinaweza kuwa na hitilafu.

Akifikia uzito uliokusudiwa, usirudie mlo wa zamani. Ongeza kipimo kwa sehemu ya kumi, umpime baada ya wiki mbili, na uzito utakaposimama kwa wiki kadhaa, hicho ndicho kipimo chake, mpaka kuhasiwa, umri au ugonjwa vitakapokulazimu kukihesabu upya.