Jinsi ya kumwomba Mwakilishi aulize swali la shehia yenu Barazani

Kijijini kwetu, kaskazini ya Pemba, kituo cha afya kilikuwa kikifungwa saa tisa alasiri. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku alitafutiwa gari ya kukodi, na ikikosekana alichukuliwa kwa gari la ng'ombe mpaka barabara ya lami. Tulilisema jambo hilo kwenye mikutano, tukamwambia kila kiongozi aliyepita, na kila mara tukaambiwa limepokelewa. Lilianza kusogea siku tulipoliandika kama swali, tukampelekea Mwakilishi wetu katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na Waziri akatakiwa kulijibu mbele ya Spika. Tangu hapo nimewasaidia watu wa shehia nyingine, yaani maeneo madogo ya utawala yanayoongozwa na Sheha, kuandika maswali ya umeme, ya maji na ya karafuu. Nitaeleza kwa urefu pale ambapo watu hukwama zaidi.

Kwanza mjue kwamba hamuombi hisani. Kifungu cha 88 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kimelipa Baraza la Wawakilishi kazi ya kuwauliza Mawaziri maswali juu ya mambo ya umma yaliyo chini ya dhamana zao, na kujadili utendaji wa kila wizara wakati wa bajeti. Mwakilishi anayeuliza anafanya kazi tuliyompigia kura aifanye.

Mwakilishi au Mbunge?

Hapa ndipo barua nyingi hupotea. Zanzibar ina majimbo 50, na kila jimbo linachagua watu wawili: Mwakilishi anayekaa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, na Mbunge anayekwenda Bunge la Jamhuri ya Muungano, Dodoma. Mtu akiwa na shida humwendea yule anayemjua au anayeonekana zaidi msibani na harusini. Barua ya dawa za kituo cha afya ikifika kwa Mbunge, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, hana Waziri wa Afya wa Zanzibar wa kumuuliza kule Dodoma.

Kwa jumla afya, kilimo, maji, umeme wa majumbani, skuli za msingi na sekondari, barabara zetu na ardhi ni mambo ya Zanzibar, kwa hiyo ni ya Mwakilishi. Polisi, uraia, sarafu, posta na simu, na elimu ya juu ni mambo ya Muungano, na hayo mpelekeeni Mbunge.

Umeme unahitaji uangalifu zaidi. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, linanunua umeme huo kwa TANESCO. Kukizimika kisiwa kizima kwa hitilafu iliyotokea ng'ambo, hilo ni swali jengine. Kukizimika kijiji chenu tu kwa sababu transfoma imelemewa au nguzo zimeoza, hilo ni la ZECO, na Waziri mwenye dhamana ya nishati hana pa kulisukumia. Mkiyachanganya mawili haya katika swali moja mtajibiwa la waya wa baharini, na transfoma yenu itabaki ilivyo. Malalamiko ya bei na ubora wa huduma ya umeme na maji yana mlango mwingine pia, ZURA, mamlaka ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Mnaweza kupita huko huku Mwakilishi akiendelea na lake.

Piteni kwanza kwa Sheha na Afisa Mdhamini

Msiikimbilie Chukwani kabla ya kubisha hapa nyumbani. Mwambieni Sheha, na jambo liandikwe katika kumbukumbu za kikao cha shehia. Kisha andikeni barua kwa Afisa Mdhamini wa wizara inayohusika. Sisi wa Pemba tuna bahati hiyo: kila wizara ina Afisa Mdhamini anayezisimamia kazi zake hapa kisiwani, na mambo mengine humalizika mezani kwake. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, mrudi nayo. Karatasi hiyo yenye muhuri ina thamani kuliko mnavyodhani. Waziri akisema Barazani kwamba wizara yake haijapata taarifa, Mwakilishi anaitoa kwenye faili na kusoma tarehe.

Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri miezi miwili. Msisubiri zaidi ya hapo kama jambo linagusa uhai wa mtu.

Kukusanya ushahidi

Chukueni daftari moja la skuli, mmoja wenu mwenye hati nzuri awe mshika daftari. Kila tukio liandikwe siku ile ile: tarehe, saa, kilichotokea, nani alishuhudia. Kituo kimefungwa saa ngapi. Dawa gani imekosekana, na mgonjwa ameambiwa akanunue wapi kwa kiasi gani. Umeme umekatika lini na umerudi lini. Kwa umeme wekeni na risiti za TUKUZA, yaani za umeme wa kulipia kabla, zinasaidia kuonesha mlichonunua na kilichowaharibikia.

Majina ya wagonjwa yasitoke nje ya daftari. Andikeni "mama mmoja wa miaka ishirini na kitu" inatosha. Nimeona watu wakiyataja majina katika barua kwa nia njema kabisa, na aliyetajwa akaona aibu mtaani kwake.

Kuliandika swali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo jambo zuri huharibika.

Watu wengi huanza hivi: "Je, Serikali ina mpango gani wa kutuboreshea huduma za afya?" Swali la namna hiyo limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Naibu Waziri atasimama na kusema Serikali inao mpango wa kuboresha huduma za afya Unguja na Pemba kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Jibu hilo halina tarehe wala kiasi, na halina kitu cha kuja kulidai mwakani.

Swali lenye nguvu lina mambo matatu: mahali panapojulikana, kitu kimoja kinachotakiwa, na neno linalodai kipimo, yaani "lini", "ngapi" au "kiasi gani". Mara nyingi maswali ya Barazani hugawanywa vipande (a), (b) na (c), na ni vyema mkampa Mwakilishi likiwa limeshakaa hivyo. Letu lilikuwa takriban hivi:

"Kwa kuwa kituo cha afya cha shehia ya ............ kinahudumia vijiji vitatu, na kwa kuwa hufungwa saa tisa alasiri kwa kukosa mkunga wa zamu ya usiku:
(a) Ni wafanyakazi wangapi wanaohitajika ili kituo hicho kifanye kazi saa 24, na waliopo ni wangapi?
(b) Katika bajeti ya mwaka huu ni kiasi gani kiliidhinishwa kwa ajili ya nyumba ya mfanyakazi wa kituo hicho, na kiasi gani kimeshatolewa?
(c) Ni lini mkunga wa usiku ataanza kazi?"

Tazameni kipande (b). Fedha iliyoidhinishwa ni ile Baraza liliyoipitisha kwa wizara. Fedha iliyotolewa ni ile iliyofika kweli. Baina ya mbili hizo ndimo miradi mingi ya vijijini hufia, na mwananchi akitazama jengo lisilokwisha hudhani fedha imeliwa, kumbe pengine haikuwahi kutoka. Wakati mwingine imeliwa. Huwezi kujua mpaka uulize zote mbili kwa pamoja.

Kwa wakulima wa karafuu mtindo ni huo huo. ZSTC, shirika la Serikali la biashara, ndiye mnunuzi pekee wa karafuu zetu, na zao lina sheria yake ya 2014. Ukiuliza "kwa nini bei ni ndogo?" utapewa historia ya soko la dunia. Ulizeni bei ya daraja la kwanza msimu huu ni kiasi gani, ZSTC iliziuza karafuu za msimu uliopita kwa wastani wa bei gani, na kituo cha ununuzi cha shehia fulani kitafunguliwa lini. Mchumaji anayebeba magunia kutoka bondeni anataka kujua kituo kiko wapi na kama fedha zipo siku anapofika.

Swali moja, jambo moja. Nawasihi sana juu ya hili. Mkichanganya afya, barabara na maji katika ukurasa mmoja, wizara tatu zitatupiana na hakuna itakayoshikwa.

Barua kwa Mwakilishi

Barua iwe ukurasa mmoja. Juu wekeni jina la shehia, wilaya, jimbo na tarehe. Anzeni "Mheshimiwa Mwakilishi, Assalaam alaykum", kisha mwende moja kwa moja kwenye jambo: tatizo ni nini, limeanza lini, mmeshamwendea nani, amejibu nini. Chini yake wekeni swali lenyewe. Ambatisheni nakala ya barua yenye muhuri na ukurasa wa daftari. Watie saini watu kadhaa, wanawake kwa wanaume, na wawepo wanaoumia wenyewe. Barua yetu ya kwanza ilitiwa saini na wanaume watupu, nayo ilikuwa ya uzazi. Tuliichana tukaandika upya.

Ipelekeni kwa mkono, watu wawili au watatu, siku Mwakilishi yupo jimboni. Mweleze kwa heshima, bila ya kumtwisha siasa za vyama. Muulizeni pia kama jambo ni dogo kiasi cha kumalizwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Pampu ya maji iliyoungua haina haja ya kungoja Waziri.

Wakati

Mwakilishi huliwasilisha swali kwa maandishi kwa Katibu wa Baraza kabla ya mkutano, kisha hupelekewa wizara itayarishe jibu. Kwa hiyo barua inayofika wiki ya kuanza mkutano imechelewa. Wahini mwezi mmoja au zaidi kabla.

Mkutano mkubwa kuliko yote ni wa bajeti, Mei mpaka Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wizara zinasoma makadirio yao moja baada ya nyingine, na hapo Mwakilishi anaweza kulisema jambo lenu wakati wa kuchangia hata kama swali halikupangwa. Mkikosa nafasi ya swali la msingi, mpeni mistari miwili ya kusema siku ya wizara hiyo.

Kamati za Baraza

Kazi kubwa ya kuisimamia Serikali hufanyika kwenye kamati za kudumu, na wananchi wengi hawazitumii. Mambo ya afya yako chini ya Kamati ya Ustawi wa Jamii. Kamati ya hesabu za Serikali, tunayoijua kwa jina la PAC, inapitia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kuwaita watendaji wajieleze. Kamati huja Pemba kukagua miradi. Ziara hizo kwa kawaida hupangwa na wizara zenyewe, na wageni hupelekwa palipopakwa rangi. Mwandikieni Mwenyekiti wa Kamati kupitia kwa Katibu wa Baraza, mumuombe apite na kwenu, na mseme kwa nini.

Mswada wa sheria unaowahusu ukisomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamati, huo ndio wakati wa kutoa maoni, kwa maandishi au kwa kufika. Ukishasomwa mara ya pili mtakuwa mmechelewa.

Mkiwa na ushahidi wa wizi au rushwa, nendeni ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar. Swali la Barazani halifungi mtu.

Baada ya jibu

Siku ya swali sikilizeni ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, na mmoja wenu aandike jibu neno kwa neno au alirikodi kwa simu. Baadaye tafuteni Taarifa Rasmi, Hansard, katika tovuti ya Baraza, au mwombeni Mwakilishi nakala. Ahadi ya Waziri iliyomo humo imeandikwa kwa jina lake na kwa tarehe, na haifutiki kwa kuwa Waziri amebadilishwa, anayekuja anairithi. Ibandikeni nakala yake kwa Sheha na pale dukani watu wanapokaa jioni.

Kisha wekeni alama kwenye kalenda siku iliyoahidiwa. Sisi tuliahidiwa mkunga kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha. Ilipofika Julai, barua yetu ya pili kwa Mwakilishi ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza ulitaja tarehe ya kikao. Wa pili ulinukuu jibu la Waziri. Wa tatu ulisema: "Leo ni Julai 4, mkunga hajafika." Wa nne ulimuomba aulize tena.